Dawa ya Konokono na Fungu Langu la Samaki

Mimi ni mtu wa kushupaa tangu utoto, na uzee haujanilainisha. Mwaka wa pili tangu watu wakusanywe kwenye kijiji chetu cha ujamaa, upande wa bara wa Mchinga, nusu siku kwa miguu kutoka pwani, nilikuwa nimeshupalia jambo moja tu: kichocho kiishe. Nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Jina lilikuwa kubwa kuliko kazi. Nilipelekwa Lindi wiki chache, nikafundishwa kufunga vidonda, kuchimbisha vyoo na kuwasumbua watu wachemshe maji, kisha nikarudishwa na sanduku la bati lenye pamba, spiriti na vidonge vya homa.

Sikuzaliwa pale. Kwetu ni Pande, Kilwa, na pale nilikuja kuoa. Kwa desturi ya Wamachinga wa siku zile, mwanamume alihamia kwa wakwe, akawalimia, akatazamwa tabia yake mpaka waridhike. Kwa hiyo nilikuwa mgeni, tena mgeni anayewaambia wenyeji wapi pa kujisaidia. Fikiria mwenyewe walivyonipenda.

Kichocho nilikijua mwilini mwangu. Nilikojoa damu utotoni karibu miaka mitatu na sikumwambia mtu, maana wakubwa walisema ni dalili ya mtoto wa kiume kukua. Tulishindana hata nani yake nyekundu zaidi. Mdogo wangu mmoja hakupona. Alikonda, akavimba miguu, tukamzika, na watu wakasema kalogwa. Nilipofundishwa kule Lindi kwamba ule ugonjwa unatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya bwawa, sikulia darasani, lakini nilikaribia. Nilikasirika. Konokono!

Kijiji chetu kilikuwa na bwawa chini ya mashamba ya mpunga. Watoto waliogelea humo, wanawake walifua humo, na konokono walijaa kwenye matete kama punje. Siku moja niliwapanga wavulana wa shule, nikampa kila mmoja kopo akakojoe. Makopo mengi yalikuwa mekundu. Niliyapeleka vilevile kwenye ofisi ya kijiji, nikayapanga mezani mbele ya mwenyekiti. Alinifukuza kwa matusi, lakini barua ya kuomba dawa aliiandika siku ileile.

Dawa ililetwa na bwana afya wa wilaya, mtu mwembamba mwenye miwani, na gunia lake alilibeba mwenyewe, hakutaka limguse mtu. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vya rangi ya pumba za mpunga. Jina lake lilikuwa refu la kuvunja ulimi. Yeye alilifupisha akasema ni chumvi, lakini si ya kula: imetengenezwa kwa fenoli, ndugu wa ile dawa inayonuka kwenye sakafu za hospitali, ikatiwa klorini mpaka ikawa kali, kisha ikageuzwa chumvi ili iyeyuke kwenye maji. Alifungua gunia kidogo tu, mimi nikachungulia. Nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka, na kifua kiliniwasha hadi jioni.

Alinieleza kila kitu, na sitaki kumsingizia. Alisema dawa hii inaua konokono pamoja na mayai yao. Alisema ndiyo hiyohiyo wanayochovyea mbao kwenye viwanda vya kupasulia, ili zisiingie ukungu wala zisiliwe na mchwa, na kwamba itakayobaki tupake nguzo za shule. Inachoma ngozi. Ikimwingia mtu mwilini, kwa mdomo au kwa ngozi, mwili unawaka moto kwa ndani, mtu anatoka jasho kama anayelima mchana wa jua kali. Mtu huyo asipewe aspirini hata kidogo. Amwagiwe maji, apepewe, akimbizwe hospitali. Samaki wote watakufa, na wasiliwe. Jua litaivunjavunja dawa ndani ya maji baada ya siku kadhaa, lakini moto wa jikoni hauiwezi.

Nilisikia yote. Ila kichwani mwangu mlikuwa na konokono tu.

Mkutano ulifanyika chini ya paa la ghala la kijiji. Watu hawakutaka. Mmoja alisema bwawa ni la mizimu, mwingine alisema serikali inataka kutuua kwa sababu hatukulima korosho za kutosha. Hayo niliyajibu. Kisha akasimama fundi seremala, mtu mkimya, akanyoosha mikono yake miwili tuione. Ilikuwa na mabaka, ngozi imekunjamana hadi kwenye viwiko.

"Harufu ya gunia lile naijua," alisema. "Nimefanya kazi kiwanda cha mbao, tulichovya mbao kwenye dawa hiyo. Mikono yangu ndiyo hii. Mwenzangu mmoja alitoka jasho siku moja mchana, jioni tukamzika. Ndugu mhudumu, wewe unataka kuitia kwenye maji?"

Niliona kura inaniponyoka, na hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kumwita fundi mbele, tukawaeleza watu pamoja jinsi ya kujihadhari. Badala yake nilifura.

"Fundi," nikasema, "utupa unaujua?"

Nani asiyeujua utupa? Kila kiangazi, mito inapobaki madimbwi, watu wa kule walitwanga majani na mizizi ya mtupa, wakavimwaga majini, samaki wakalewa, wakaelea, watu wakawaokota. Serikali ilikataza, na kila mtu aliendelea.

"Naujua," alisema fundi.

"Unaua samaki?"

"Unaua."

"Na wewe samaki hao unakula?"

"Nakula."

"Umekufa?"

Kicheko kilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Fundi akaketi, akaingiza mikono yake kwapani. Kura ilipita, na mimi nilirudi nyumbani nikitembea kifua mbele.

Bwana afya alichagua siku ya jua kali. Tulianza alfajiri, mimi, yeye na wanaume wanne, tumefunga vitambaa puani na kujipaka mafuta ya nazi mikononi. Tuliyeyusha ile chumvi kwenye pipa, tukainyunyiza ukingoni kwenye matete kwa mabomba ya kubeba mgongoni. Saa tatu tulikuwa tumemaliza. Niliwaacha watu wawili walinde bwawa, nikawaambia, "Mtu asichote maji," na nikamsindikiza bwana afya hadi barabara kubwa akangoje lori. Lori lilichelewa. Tulikaa tukizungumza, nikijiona nimeshashinda.

Niliporudi ilikuwa saa saba mchana. Njiani nilianza kuona magamba ya samaki. Nikafikiri ni ya jana. Kisha nikaona mengi zaidi, mabichi, yanang'aa, na miguu ikaanza kunienda mbio yenyewe.

Bwawani hapakuwa na samaki hata mmoja. Hata vidagaa vya ukubwa wa kidole vilikuwa vimeokotwa. Walinzi wangu wawili walikuwa wamekaa kivulini wamechoka, wameridhika, kama watu waliofanya kazi ya maana.

"Karibu, ndugu mhudumu," alisema mmoja. "Utupa wako kiboko. Hajabaki hata mmoja."

"Nilisema mlinde!"

"Tumelinda. Tulilinda mpaka walipoelea, watu wasigombane. Tukaita mabalozi wote wa nyumba kumi kumi, tukapanga mafungu kwenye majani ya mgomba, kila nyumba fungu lake sawasawa. Mafungu thelathini na nane. Hakuna aliyepunjwa."

Hapo ndipo nilipokiona nilichokifanya. Hawakuiba, wala hawakunikaidi. Walifanya kama nilivyowaambia mbele ya kijiji kizima, kwamba huu ni utupa, na utupa watu wanaujua unavyokwenda. Juu ya hayo waligawana kijamaa, kama tulivyokuwa tukiwahubiria kila wiki. Na ule ulikuwa mwezi wa njaa. Mihogo ilikuwa inaisha, kitoweo hakuna, watu walikuwa wanakula ugali kwa chumvi na maji.

"Na lako tumeliweka," alisema yule mwingine, akitabasamu. "Ulikuwa hupo, tukalipeleka kwa mkweo, mzazi apate mchuzi."

Mzazi ni mke wangu. Alikuwa amejifungua siku kumi na mbili nyuma, mtoto wetu wa kwanza, na alikuwa kwa mama yake akingojea arobaini.

Lakini sikukimbilia kwa mkwe wangu, na hili limenisumbua maisha yangu yote. Nilikimbilia nyumba iliyo karibu na bwawa, kisha inayofuata. Nilijiambia naanza na walio karibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Kwa mila ya kule, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani. Nikimwona njiani nilikuwa naingia majanini, nachuchumaa, natazama pembeni mpaka apite. Nilimsalimu shikamoo nikiwa nimeelekea huko, naye aliitika marahaba akiwa ameelekea kwingine. Miaka miwili sikuwahi kumwona uso sawasawa. Jambo lolote baina yetu lilipitia kwa mtu wa tatu. Kula mbele yake ilikuwa aibu, na kuingia jikoni mwake kulikuwa kuvunja ndoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa hiyo nilianza kwa wengine, na huko nilikuwa simba. Niliingia na gunia tupu, nikasema, "Leteni samaki." Walicheka kwanza, wakadhani natania. Nikawaambia sumu hii si utupa, nilikosea, moto hauiwezi. Mzee mmoja aliniuliza, "Sasa wewe mwongo wa siku ya mkutano au mwongo wa leo?" Nikamjibu, "Wa siku ya mkutano. Lete samaki." Wengine walinipa kwa kunitupia. Mama mmoja alikumbatia sufuria yake, akalia kwa sauti, watoto wake wakanitazama, nami nikaimwaga ile sufuria kwenye majivu mbele yao. Sijawahi kujichukia kama siku ile, wala sikusimama. Fundi seremala nilimkuta mlangoni kwake, fungu lake limefungwa vilevile kwenye jani. Alichukua jembe, akanifuata, akaanza kuchimba shimo nyuma ya ghala.

Katikati ya shughuli hiyo nilimwona bibi mkunga, aliyemzalisha mke wangu, ambaye alikuwa akiingia na kutoka kwa mkwe wangu kila siku. Nilimwomba aende akawaambie wasile samaki, na kama wapo wamwage. Alikwenda, akarudi.

"Mkweo anasema samaki hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Anasema hakuna."

Nikashusha pumzi. Nilijua fungu limepelekwa, nilikuwa nimeambiwa waziwazi, lakini jibu lile lilinifaa, nami nikalipokea. Nikaendelea na nyumba nyingine mpaka nikazimaliza zote isipokuwa ya mkwe wangu. Kwa mafungu yaliyokwisha kuliwa, niliwauliza waliokula wanajisikiaje, nikaandika, nikawaambia wakitoka jasho waniite. Waliokula walikuwa wachache, maana kitoweo kile kilikuwa kinangojwa jioni watu warudi kutoka shamba.

Ilikuwa imefika alasiri nilipopita nyuma ya nyumba ya mkwe wangu nikienda shimoni. Jikoni mwake mlikuwa mnafuka moshi, na ndani ya moshi ule nikaipata ile harufu. Si ya samaki. Ilikuwa ya sakafu ya hospitali.

Gunia lilinidondoka. Sikupiga hodi. Niliinama, nikaingia jikoni kwa mama mkwe wangu, mimi niliyeogopa hata kivuli chake.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, peke yake, mikono magotini. Chungu kilikuwa mafigani, kimefunikwa, moto mdogo. Hakupiga kelele. Nilikamata kile chungu kwa mikono mitupu, nikatoka nacho nje nikiungua, nikakimwaga na kukivunja. Kisha nikarudi mlangoni, nikasema maneno ambayo hakuna mkwe aliyewahi kuyasema kijijini pale.

"Mama, unataka kumuua mwanao? Umeambiwa! Nimekutumia mtu! Kwa nini umesema hakuna?"

Akanitazama. Ndipo nilipouona uso wake mara ya kwanza, nao ulikuwa umelowa jasho, matone yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Mwanangu hajala," alisema. Hakuna mtu wa tatu pale, alisema na mimi. "Nimekula mimi. Mara mkunga alipoondoka. Ulisema utupa, halafu ukasema sumu. Sikujua nishike lipi. Mwanangu maziwa hayatoki, siku ya tatu leo mtoto ananyonya analia. Kitoweo hakuna. Nikasema nile mimi kwanza, nikae hapa mpaka magharibi. Nikipona, nimpe. Ningekuambia wapo, ungewachukua."

Miguu yake ilikuwa imetoka vipele vyekundu hadi magotini, na mikono pia, maana yeye mwenyewe aliingia bwawani kuokota na wenzake wakati dawa ingali mbichi.

Hapo angalau nilijua la kufanya. Nilimwita mke wangu kwa sauti kubwa, akatoka chumbani na mtoto, akaniona jikoni kwa mama yake, akaziba mdomo. Nikamwambia amvue mama nguo, amwoshe kwa sabuni mwili mzima, ammwagie maji ya mtungi, ampepee, asiache, na amnyweshe maji mengi. Bibi mkunga alikimbia kwenye sanduku langu akaja na aspirini. Nikamnyang'anya nikazitupa majanini. Mimi nilichota maji. Nilikwenda kisimani na kurudi nisijue mara ngapi, viganja vimetoka malengelenge ya chungu, na kila niliporudi niliweka ndoo mlangoni, nikatazama pembeni, nikauliza, "Yuko hai?" Mke wangu alijibu, "Yuko."

Jasho lilikatika kesho yake. Hatukuweza kumpeleka hospitali, gari halikupatikana. Kama alikuwa na sumu ya samaki, au ya maji yaliyoingia kwa ngozi, au homa yetu ya kawaida iliyokuja siku mbaya, mpaka leo sijui. Hakuna mwingine aliyeumwa. Watu walinisema sana, kwamba nimevunja chungu cha mkwe na nimewanyima watu kitoweo kwa maneno matupu. Sikujali. Bwawa nililipigisha dawa tena mwaka uliofuata, baada ya kukaa na fundi seremala mkutanoni ubavu kwa ubavu, yeye akionyesha mikono yake na mimi nimenyamaza. Safari hiyo tulilinda siku saba, na samaki walizikwa mara tu walipoelea.

Lakini nilikuwa nasema juu ya siku zile. Mkwe wangu alipoweza kukaa, maziwa ya mke wangu yalikuwa bado hayatoshi. Nikaondoka usiku wa manane kwenda Mchinga na kikapu cha korosho. Nilikaa ufukweni mpaka vyombo vya wavuvi vilipoingia, nikabadilisha korosho zote kwa changu wawili wakubwa, wangali wanachezesha mapezi, nikawafunga kwenye majani mabichi na kuanza kurudi bila kupumzika. Mchana nilifika uani kwa mkwe wangu. Bibi mkunga hakuwapo. Nilichuchumaa mbali, nikatazama pembeni kama desturi, nikasema kuna samaki wa baharini hapa, wa mzazi.

"Lete," alisema.

Nikawaweka. Ilinipasa niondoke, lakini nilitaka kusikia mke wangu anakula. Nikakaa chini ya upenu. Nilisikia kisu, nikasikia nazi inakunwa, kisha chungu kikachemka, na harufu ilikuwa ya samaki na nazi na ndimu tu. Baada ya muda mkwe wangu akatoka na bakuli moja la mchuzi. Hakuingia nalo chumbani. Akakaa kizingitini, akamega nyama ya samaki, akatia mdomoni, akatafuna taratibu, akaliweka bakuli chini mbele yake. Akaanza kungoja.

Hasira zangu zile zile zikanipanda. "Mama, hawa wa baharini! Nimewaona kwa macho yangu wakitolewa chomboni."

"Najua," alisema, na hakulisogeza bakuli.

Kisha nikainuka, nikaenda mpaka kizingitini, nikachuchumaa mbele yake, nikanyoosha mkono kwenye bakuli lile, nikamega, nikala. Mbele ya mkwe wangu. Alinitazama mpaka nikameza. Kisha akajisogeza kidogo, nikapata pa kukaa.

Ndani mtoto alianza kulia. "Mama," mke wangu aliita, "mchuzi bado?"

"Bado," alijibu mama yake. "Mumeo naye ameonja. Tunangoja."